Mnyororo wa Saa Kumi na Moja

Nilianza kuamka alfajiri kusali kwa sababu ya hasira, si kwa sababu ya imani. Nalisema mapema ili asije mtu akaniita mama wa maombi. Nimeshaitwa hivyo miezi mitatu mfululizo, mbele za watu, na sikustahili hata siku moja.

Kanisani kwetu, hapa Dongobesh, walituletea semina ya akina mama. Mnenaji alitoka mjini na viatu vyeupe. Vyeupe! Kwenye udongo huu, mwezi wa tatu, mvua inamwagika. Alitufundisha namna ya kuifanya sala ya asubuhi iwe tabia. Tafuta kona yako ya maombi, akasema. Weka kapeti dogo, mto wa kupigia magoti, daftari zuri na kalamu ya rangi. Waambie watoto kwamba mama akiwa kwenye kona yake asisumbuliwe. Wenzangu wakaandika. Mimi nilikuwa nazihesabu kona za chumba changu. Ya kwanza ina ndoo za maji. Ya pili ina kiroba cha pumba za kuku. Ya tatu analala mwanangu wa mwisho, ambaye bado anakojoa kitandani. Ya nne ndiyo mlango. Kona ipi, dada yangu? Nilitaka kunyoosha mkono niulize, lakini jirani yangu niliyekaa naye alinishika goti huku anacheka kimyakimya, nikaacha.

Jirani yangu huyo alikuwa binti wa kijiji cha Maretadu aliyeolewa na fundi ujenzi. Tumepanga kwa mwenye nyumba mmoja, nyumba zetu zinatazamana, katikati kuna uwanja mdogo na kamba moja ya nguo tunayogombania jua. Mimba mbili zilikuwa zimemtoka, na siku ya semina alikuwa na ya tatu, changa. Mimi ni nesi katika kituo cha afya, na ile ya pili niliipokea kwa mikono yangu. Kwa hiyo nilijua vizuri kuliko wote kilichokuwa kinasubiriwa. Huyu wa tatu ndiye alikuwa wa kufa na kupona. Ndugu wa mume walishaanza maneno, kwamba kijana wao anajenga nyumba za watu na yake haina mtoto, aangalie kwingine. Binti mwenyewe alikuwa haongei sana. Alikuwa anaamini tu. Akiambiwa na mchungaji anaamini, akiambiwa na daktari anaamini, akiambiwa na mimi anaamini maradufu. Nilikuwa nampenda, lakini nilikuwa namdharau pia. Nilijiambia, mtu mzima anawezaje kumeza kila anachoambiwa?

Baada ya semina, mwenyekiti wetu wa akina mama akapata wazo. Mwenyekiti huyu ana nyumba ya vyumba sita, watoto wake wote wako Arusha wanajitegemea, ana msichana wa kupika na mzee wa kukamua ng'ombe. Kwake kuamka saa kumi na moja ni starehe. Anaamka, anajitanda vitenge viwili, anapokea chai ya tangawizi iliyochemshwa na mtu mwingine, halafu anatuhubiria sisi habari za kujitoa. Akaunda kundi kwenye simu, akaliita Mnyororo. Hoja ya kwanza ya Mnyororo ilikuwa mimba ya jirani yangu. Kila siku, saa kumi na moja alfajiri, kila mama arekodi sala yake kwa sauti, aitume kwenye kundi, amtaje yule dada na mtoto wake, mpaka ajifungue salama. Na saa ya maombi mtu asipigiwe simu, maana simu inamtoa mtu magotini. Jirani yangu alilia kwa furaha. Watu thelathini na zaidi kuamka kwa ajili yake! Mume wake alikuwa hajawahi kuamka kwa ajili yake hata kumchotea maji.

Mimi nikaingia kwenye kundi. Ningefanyaje? Nesi wake, jirani yake, halafu nisiwemo?

Kwetu ni Morogoro. Huku nililetwa na barua ya ajira, na baridi ya Mbulu sijaizoea mpaka leo. Mume wangu ni afisa ugani huko Katesh, anakuja Ijumaa na begi la nguo chafu, anaondoka Jumatatu na begi la nguo safi. Watoto ni watatu. Saa kumi na mbili kamili mimi nawasha jiko, napika uji, natafuta soksi ambayo haipo, nampaka mmoja mafuta huku namfokea mwingine, saa moja wameondoka, saa moja na nusu niko kazini nimesimama, na nasimama mpaka jioni. Nikiwa zamu ya usiku ndiyo balaa kabisa, namwomba dada wa jirani wa nyuma alale na watoto. Sasa niambie, katika ratiba hiyo sala ikae wapi? Nilikuwa nasali njiani, natembea, maneno mawili matatu: Mungu nisaidie, Mungu niepushe. Nilidhani inatosha. Kumbe ilikuwa haitoshi, kwa sababu hakuna aliyekuwa anaisikia isipokuwa Mungu.

Jamani, umewahi kusikiliza sala za watu wanaojua wanasikilizwa? Wiki ya kwanza nilizisikiliza zote. Kulikuwa na mmoja aliyekuwa analia kila Jumatano, Jumatano tu, siku nyingine macho makavu. Mwingine alikuwa anamweleza Mungu habari za shamba la mumewe la Bashay, ekari kwa ekari, ili sisi tujue. Mwenyekiti alikuwa anasali dakika sita. Dakika sita! Kwa sauti nzito ya kukwaruza ambayo mchana hana. Na akimaliza kusikiliza kila sala ya mwenzake, anaandika "Amina, ila tuongeze mzigo." Mzigo gani tena? Sisi tuliobeba tangu jana yake tuongeze mzigo gani? Nilikuwa naitupa simu kitandani kwa kisirani.

Lakini nikawa naamka. Wiki tatu za kwanza niliamka kweli, nikasali kweli, sala fupi, kwa sauti ya kukauka, nimekaa kwenye ukingo wa kitanda na koti la mume wangu. Sitasema haikuwa na kitu. Kuna asubuhi mbili hivi nilisahau kwamba narekodi. Ndiyo zile ambazo hazikupata Amina nyingi.

Kisha likaja suala la orodha. Kila Jumamosi mwenyekiti alikuwa anatoa kwenye kundi orodha ya waliosimama na walioanguka. Alitumia neno hilo hilo, walioanguka. Wiki ya nne nikajikuta chini kabisa, nimeanguka mara mbili. Siku hizo mbili nilikuwa zamu ya usiku, na saa kumi na moja ya siku mojawapo nilikuwa nimeshika kichwa cha mtoto anazaliwa, na mama yake ananing'ata mkono. Nikamwandikia mwenyekiti faragha, kwa heshima zote, shikamoo mama, nilikuwa kazini. Akanijibu: "Marahaba binti yangu. Kazi haiishi. Anayempenda Mungu hakosi dakika." Nilisoma ule ujumbe nikiwa nimesimama kwenye foleni ya maziwa, nikasonya mpaka muuza maziwa akageuka.

Basi nikasema, mnataka dakika? Nitawapa.

Jumapili iliyofuata, baada ya ibada, niliwatuma watoto wakacheze, nikaingia stoo nikajifungia. Stoo yetu ina gunia la mahindi, madumu, na vitunguu saumu tunavyoletewa kutoka Bashay, vimening'inizwa mpaka macho yanauma. Nikachukua simu ya zamani ya mume wangu, ile yenye kioo kilichopasuka, nikarekodi sala saba. Jumatatu, Jumanne, Jumatano, mpaka Jumapili. Nikazibadilisha sauti. Ya Jumatatu nikaifanya ya uchovu, ya Jumanne ya furaha, ya Alhamisi nikaiwekea kikohozi. Katika kila moja nikamtaja jirani yangu na mtoto wake. Kwa kuwa vile vitunguu vilishanitoa machozi, ya Jumatano nikalia kabisa, nimshinde yule wa Jumatano.

Kutuma ilikuwa rahisi. Kengele inalia saa kumi na moja kasoro dakika tano. Nachukua simu mbili, naziweka uso kwa uso chini ya blanketi. Moja inasali, nyingine inarekodi. Dakika moja na nusu, natuma, nazima sauti, nalala mpaka saa kumi na mbili. Saa nzima ya usingizi! Asikudanganye mtu, hakuna mto wa kupigia magoti unaofikia utamu huo.

Sasa sikiliza vituko. Sala hizo za stoo ndizo zilizopendwa. Amina zikamiminika. Mwenyekiti mwenyewe aliandika kwamba huyu nesi wetu ameingia kilindini. Jumamosi nikawa juu ya orodha, Jumamosi nyingine tena, na mwezi wa sita nikasimamishwa kanisani, nikapigiwa makofi, nikaitwa mfano wa mama mwenye shughuli nyingi ambaye hakosi madhabahu ya asubuhi. Nilisimama pale na kitenge changu kizuri, nikainamisha kichwa kama mnyenyekevu. Ndani nilikuwa nacheka. Nilikuwa nawaona wote wajinga, safu kwa safu. Kwamba wanapigia makofi gunia la mahindi!

Mmoja tu ndiye alikuwa ananipa tabu kidogo, jirani yangu. Alikuwa ananingoja uani jioni nikirudi kazini, tumbo limeshakuwa kubwa, ananiambia, "Dada, ya leo imenigusa." Siku moja akanieleza kwamba alfajiri huwa ameamka anasubiri, na sala yangu ikiingia anaiweka simu juu ya tumbo ili mtoto naye asikie. "Akisikia sauti yako anacheza," akasema. Nikamwambia vizuri, endelea. Nikaingia ndani nikamchapa mtoto wangu wa kati kwa kosa ambalo hata silikumbuki.

Nilikuwa namhudumia, hilo siwezi kunyimwa. Kila wiki nilikuwa nampima presha nyumbani kwake, namletea dawa za damu, namkagua miguu. Mimba ilipofika miezi saba, mume wake akaenda Haydom kwenye kazi ya ujenzi, nikamkalisha chini nikampa maagizo kama ninavyowapa wote. Nilimwambia, "Ukiona damu, hata tone moja, usitembee. Usije kwangu, usiende popote. Lala ubavu wa kushoto, nitumie ujumbe. Mimi niko hapa, hatua kumi na tano. Nitakuja mimi." Akasema sawa dada. Nikamwambia arudie. Akarudia neno kwa neno.

Ilikuwa Alhamisi ya mwezi wa saba. Mwezi wa saba huku ukungu unashuka mpaka mlangoni, na maji kwenye ndoo huwezi kuyagusa. Kengele ililia, nikatoa mkono mmoja nje ya blanketi. Kwenye simu kulikuwa na ujumbe mpya kutoka kwa mume wangu, na mwingine kutoka kwa jirani. Ujumbe wa jirani niliuona. Narudia: niliuona, na sikuufungua. Kila alfajiri alikuwa ananitumia "Bwana asifiwe dada, umeamkaje", na mimi nilikuwa namjibu saa tatu nikiwa kazini. Nikajua ni yale yale. Nikatafuta ya Alhamisi, nikaziweka simu uso kwa uso, nikafumba macho. Ikasali: Baba, asante kwa usiku mwema. Asante kwa sababu umemwamsha dada yetu akiwa salama, yeye na mtoto wake. Kikohozi. Amina. Nikatuma, nikazima sauti, nikalala.

Nilishtuka mara moja tu. Barabarani, upande wa dirisha langu, kulikuwa na pikapu inapiga honi, inaacha, inapiga tena. Nikaijua. Ilikuwa ya mama mmoja mwenye duka la vifaa vya ujenzi, familia ya Waislamu waliotoka Kondoa zamani, geti lao liko nyuma ya nyumba ya jirani yangu. Nikasema, hawa watu wa biashara hawana adabu, hata hakujakucha wanapiga honi kama harusi! Nikavuta blanketi mpaka masikioni. Honi ikaacha.

Nikaamka saa kumi na mbili. Uji, soksi, mafuta, fokea huyu, sukuma yule. Mlango wa jirani ulikuwa wazi, nikadhani yuko bafuni. Nikapita nikaenda kazini.

Kwenye benchi nje ya wodi ya wazazi alikuwa amekaa yule mama wa duka. Ushungi wake ulikuwa umekaa upande, na gauni lilikuwa na damu kuanzia kiunoni mpaka chini, damu iliyokwisha kukauka. Nikadhani ni ya kwake. Nikamwambia, "Shikamoo mama, una nini?"

"Marahaba," akasema. Akaniangalia kidogo. "Umemaliza kusali, nesi?"

Hakuwa ananisimanga. Angenisimanga ingekuwa nafuu. Aliuliza kwa adabu, kama unavyomuuliza mtu kama ameshakula. Akanieleza kwamba saa kumi na moja na nusu hivi alitoka kuchukua udhu, bomba lao liko chini ya dirisha la jirani yangu, akasikia mtu anaguna ndani. Akasukuma mlango. Akamkuta amelala sakafuni ubavu wa kushoto, simu iko mkononi, godoro limelowa. Akamwambia twende. Yule binti akakataa. Akasema nesi ameniambia nisitembee, nesi yuko macho, anasali, akimaliza anakuja. "Nikamwambia, mwanangu, sala gani hiyo ya nusu saa?" yule mama akasema. "Hata sisi tunasali tunamaliza. Nikamwita mume wangu tukambeba. Tulipiga honi kwako labda utoke. Nikasema tusimkatize."

Hata yule mama, ambaye mimi nilimwona hana adabu, alikuwa anaiheshimu sala yangu.

Nikaingia ndani. Walishamfanyia upasuaji. Kondo la nyuma lilikuwa limeachia kabla ya wakati. Mtoto alikuwa wa kike, alitoka analia kidogo, wakamweka kwenye joto, wakamwekea oksijeni. Nilimkuta bado anavuta. Nilisimama pale mpaka saa tatu na robo, nimemshika mguu ambao ulikuwa mdogo kuliko kidole changu gumba, nikitafuta sala. Mimi, mama niliyepigiwa makofi! Nilitafuta hata ya Alhamisi sikuikumbuka. Mtoto akaacha kupumua, mwenzangu akaandika saa.

Nilipotoka nje nikafungua ule ujumbe. Ulikuwa umeingia saa kumi na dakika hamsini. "Dada naona damu. Nimelala ubavu kama ulivyosema." Chini yake mwingine, wa saa kumi na moja na dakika sita: "Nimekusikia dada. Amina. Nakusubiri." Chini yake hakukuwa na kitu. Kwenye kundi, chini ya sala yangu ya usiku mwema, kulikuwa na Amina ishirini na saba.

Alipozinduka jioni, nilikuwa pembeni ya kitanda. Alishaambiwa. Hakupiga kelele. Alinitazama, midomo imekauka, akasema, "Asante kwa maombi, dada. Nilijua uko macho, ndiyo maana sikuogopa." Nikamlowesha midomo kwa pamba. Nikanyamaza. Andika hapo kwamba nilinyamaza, maana katika mambo yote niliyofanya hilo ndilo nililolifanya nikiwa na akili zangu timamu.

Mwenyekiti alitoa tangazo kwenye kundi. Mungu amelichuma ua lake, akaandika, sisi tusilegee, Mnyororo haukatiki. Siku ya nne akaleta hoja mpya, harusi ya binti yake. Sala zikaendelea, saa kumi na moja kamili, Jumatano mtu analia. Ua! Mtu amelala sakafuni dakika arobaini kwenye damu yake, na nyinyi mnaniletea habari za ua. Nilitaka kuwatukana wote, nikaandika, nikafuta. Ningemtukana nani? Sala zao, pamoja na shamba la Bashay na dakika sita za mwenyekiti, angalau walizisali wakiwa wameamka.

Nikajitoa kwenye kundi bila kuaga. Wakasema nimemkasirikia Mungu. Mchungaji akaja nyumbani kunitia moyo, akakaa kwenye kiti chenye nguo nilizokuwa sijazikunja, akaniambia nisiiache ile tabia nzuri ya alfajiri. Nikamwambia sijaiacha. Hapo sikusema uongo. Tangu ile Alhamisi naamka saa kumi na dakika hamsini, bila kengele, kila siku ya Mungu, hata nikiwa nimetoka zamu. Nakaa ukingoni mwa kitanda na koti. Wakati mwingine nasema kitu, mara nyingi sisemi. Naangalia simu kama kuna ujumbe. Halafu nafungua mlango, natoka nje kwenye ukungu, nasimama uani naangalia dirisha lake, mpaka nione taa.

Alikuwa amekwenda kwa mama yake Maretadu, akarudi mwezi wa tisa. Mume alimrudisha mwenyewe, na hilo lilinishangaza, nilidhani ndugu zake watakuwa wameshamtafutia mwingine. Akaanza tena kufua, kuanika, kunisalimia. Na kila akinisalimia ananishukuru. Dada, Mungu akubariki kwa yale maombi. Mara moja, mara mbili, mara ya tano. Nikawa namkwepa. Nikawa naanika nguo ndani. Mimi, niliyekuwa namdharau kwa kuamini, nikawa namchukia kwa sababu alikuwa haachi kuamini. Nilikuwa natamani aseme neno moja baya, ili na mimi nipate pa kuanzia.

Hakusema. Jumamosi moja asubuhi nilimkuta kwenye kamba, watoto wangu wako mnadani, hakuna mtu mwingine. Akafungua mdomo kunishukuru, nikamkata.

Nikamwambia, "Usinishukuru. Asubuhi ile nilikuwa nimelala."

Akatabasamu, akidhani namaanisha baadaye. "Ulisali kwanza, nilikusikia."

"Ulisikia simu. Ile sala niliirekodi Jumapili, stoo. Zote nilikuwa narekodi Jumapili. Ujumbe wako niliuona, sikuufungua. Nikatuma ile sauti, nikalala. Hata honi niliisikia, nikatukana."

Alikuwa ameshika shuka lenye maji, likawa linamdondokea miguuni. Hakulitundika wala hakuliweka chini. Nilikuwa nimejiandaa kwa kelele, kwa kofi, hata kwa machozi. Badala yake alikunja uso kidogo, kama anavyofanya ninapompa maelezo ya dawa, anapotaka kuhakikisha ameelewa.

"Kwa hiyo hukuwa unakuja," akasema.

"Sikuwa nakuja."

Akatingisha kichwa polepole. Kisha akaniuliza, na hakuniita dada. Aliniita nesi, kwa mara ya kwanza tangu tufahamiane.

"Nesi, zile dakika arobaini zingetosha?"

Nilikuwa na majibu. Kazini tunafundishwa majibu ya maswali ya namna hiyo, kwamba hakuna anayejua, kwamba kila mwili ni tofauti, kwamba usijilaumu mama. Nimewapa watu wengi majibu hayo na wakashukuru. Pale uani niliyafungulia mdomo, nikamwona ananitazama macho yote mawili, tayari kuniamini.

"Zingetosha," nikamwambia.

Akalitundika shuka, akalinyoosha pembe zote nne, akachukua ndoo yake akaingia ndani.